Wifi, Hukumtesa Mama

Wifi yangu, Mama Jesca,

Barua hii naiandika vipande vipande kwa sababu siruhusiwi kukaa. Nesi ameniambia nisipitishe saa moja nimekaa kitako bila kuinuka, na mie, ambaye hukuwahi kuniona nikimtii mtu, natii. Nikiandika kidogo naamka, nazunguka sebule, natoka nje hadi getini, narudi. Jirani yangu hapa Mbagala aliniuliza juzi kama kuna kitu kimenipotea uani. Nikamwambia nimetoka kupasuliwa, naambiwa nitembee. Akasema, "Pole jamani, hao madaktari wa siku hizi hawana huruma." Nikageuka nikaenda zangu, maana maneno hayo nayajua. Niliwahi kuyasema.

Ni wiki tatu sasa tangu nifanyiwe upasuaji. Nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi, wameondoa kizazi chote. Usinipe pole kwanza. Soma mpaka mwisho, halafu utaamua kama nastahili.

Tena sikuandikii peke yako. Nitaiweka barua hii kwenye lile kundi la familia kwenye simu, kundi ambalo tulikutoa baada ya arobaini ya Mama. Nitamwomba mtu anayekupata akufikishie. Nilikuchafua mbele ya watu, siwezi kukusafisha chumbani. Mashangazi wasome, wajomba wasome, kaka yangu asome, na watoto wenye simu zao wasome.

Sijui nianzie wapi. Ngoja nianzie siku ulipokuja.

Kaka alikuleta Kimara siku ya Pasaka. Sie watu wa Tukuyu tulikuwa tunataka aoe kwetu, na hatukujificha. Mama alikukazia macho, akakuuliza kama unajua kupika ndizi. Nilikuwa nimesimama mlangoni nasubiri ujitetee, nipate cha kusimulia. Ukasema, "Mama, sijui. Nifundishe."  Mama akakupa kisu na beseni. Mpaka jioni mlikuwa mnacheka jikoni, na mie niliyekuja kukupima ndiye niliyebaki sebuleni peke yangu.

Halafu kile kifurushi chako cha ming'oko kutoka Masasi. Mama alivyoiona ile mizizi akadhani ni dawa, akaniita pembeni, "Muulize mwenzio, hii inachemshwa kwa ugonjwa gani?" Tulicheka mpaka ukakaa chini. Alipoionja akaipenda kuliko sisi sote, akawa kila ukienda kwenu anakuagiza.

Na nilipoachwa. Hilo sijalisahau, ndilo linaloniumiza zaidi. Mume wangu alipoondoka, ndugu zangu walinipigia simu kunishauri. Wewe ulikuja. Ulishuka na begi la nguo, ukalala kwangu wiki mbili, na hukunishauri kitu. Ulifua, ulipika mchuzi wa korosho, ulinisuka. Siku moja nililia huku unanisuka, ukaendelea kusuka tu, mikono yako haikusimama. Nilipomaliza kulia na nywele zilikuwa zimekwisha kusukwa. Ukanishikisha kioo.

Huyo ndiye mtu niliyemfanyia haya ninayokwenda kuyasema.

Nimetoka nje kidogo. Nimerudi.

Mama alipoteleza bafuni pale kwenu Kimara akavunjika nyonga, wewe ndiye uliyembeba na kaka. Wakampasua, wakamwekea chuma. Wewe ndiye uliyeshinda wodini. Mie nilikuwa nakuja jioni baada ya kazi, na uji kwenye chupa na machungwa, nakaa nusu saa, napiga picha nimemshika mkono, naondoka. Kwa hiyo wewe ndiye uliyefundishwa. Yule baba wa mazoezi na yule nesi mnene walikuita wewe, wakakuonyesha wewe.

Nakumbuka ulinisimulia kwenye korido. Ulikuwa umechoka, kanga imekulegea mabegani. Ulisema, "Wifi, wanasema mfupa wameshaufunga, sasa tuogope kulala. Damu ikituama mguuni inaganda. Lile donge likiachia linaweza kupanda mpaka kwenye mapafu, mtu anakwenda hivi hivi. Kwa hiyo anatakiwa akae, asimame, atembee. Hata akiwa kitandani achezeshe vifundo vya miguu, juu chini, juu chini, kila saa. Maji anywe. Na sindano ya tumboni kila siku, mpaka watakaposema basi." Nilisema "Sawa, sawa." Nilikuwa naangalia simu.

Mlipomrudisha nyumbani ukabuni ule mchezo wako wa vituo vya daladala. Kitandani ni Ubungo. Kabatini ni Baruti. Mlango wa chumba ni Korogwe, katikati ya ukumbi ni Kimara Mwisho, na barazani ni Mbezi Luis. Mama anashika ile fremu ya chuma ya miguu minne, wewe uko nyuma umemshika kiuno, unanadi, "Korogwe, kuna wa kushuka Korogwe?" Mama anajibu, "Hakuna, twende!" Siku za mwanzo alikuwa anafika Baruti tu anaomba kurudi. Jesca alinisimulia kwa simu, anacheka, kwamba bibi leo kafika Kimara Mwisho. Kumbe mlikuwa na furaha. Hilo nililisikia na nikalisahau kwa makusudi.

Maana mie nilikuja Jumamosi ile mbaya. Mama hakulala vizuri usiku wake, alikuwa na maumivu na hasira, na mie nikaingia wakati amesimama katikati ya ukumbi anatetemeka, jasho linamtoka, analia. Aliponiona tu akasema, "Mwanangu, huyu ananitesa."

Wifi, unakumbuka nilivyoingia. Hata shikamoo sikumpa mama yangu.

"Mtu hajamaliza hata wiki mbili tangu apasuliwe, unamtembeza hivi? Ungekuwa mama yako ungemfanyia?"

"Ndivyo walivyoagiza, wifi."

"Waliagiza umlize?"

"Walisema atalia. Walisema tusije tukamlaza kwa huruma."

Nikamkalisha Mama. Nikapandisha gauni lake nimfute jasho, ndipo nikaona tumbo. Madoa meusi, mengine ya kijani, kushoto na kulia kwa kitovu.

"Na haya?"

"Ni sindano. Zinaachaga alama. Nesi alisema ni kawaida."

Nikakuangalia kana kwamba nimekukamata unaiba. Kaka yangu alikuwa mlangoni na funguo za gari mkononi, hajui amshike nani. Nikamwambia leo Mama anakwenda kwangu. Akauliza, "Mama mwenyewe anasemaje?" Mama akasema anataka kupumzika. Basi. Nani angebisha?

Hukubisha. Ulikwenda chumbani, ukafungasha. Nguo zake, zile soksi ndefu za kubana, boksi la sindano, na karatasi ya daftari uliyoandika saa zote kwa mkono wako. Uliniletea begi mpaka kwenye gari, ukaushika mkono wangu dirishani. Ulisema, "Nichukie mie, wifi, lakini mchome. Saa mbili asubuhi, kila siku. Ukishindwa, hapo karibu na kwako kuna zahanati, watamchoma." Nikapandisha kioo.

Yaliyofuata huku Mbagala, kwa miaka mitano hakuna aliyeyajua ila mie, na wewe.

Nilimnunulia godoro jipya. Nilimwekea neti, mito mitatu, feni ikimpepea. Nilimlisha kitandani, nikamwogesha kitandani kwa beseni. Soksi zilimletea joto, nikazivua. Jumapili nesi wa zahanati alikuja akamchoma. Mama akakunja uso, akasema, "Hata huku?" Roho ikaniuma. Jumatatu sikumwita tena. Boksi nikaliweka kwenye droo ya meza ya kujipambia, na karatasi yako nikaiweka juu yake, nikafunga. Wanawake wa jumuiya ya kanisa walikuja kumwona, wakamkuta amelala safi, ananukia sabuni, wakanisifu. Mmoja alisema, "Mtoto wa kumzaa ni mtoto wa kumzaa." Nilifurahi, wifi. Nilifurahi sana.

Nawe ulikuwa unanipigia kila asubuhi.

"Wifi, Mama amechomwa?"

"Amechomwa."

"Ametembea?"

"Anatembea sana tu."

Kila siku hivyo. Na nilikujibu kwa ukali, kama wewe ndiye mwenye kosa la kuuliza. Siku moja uliniomba nikupe Mama uongee naye, nikasema amelala. Alikuwa macho, ananiangalia.

Jumapili ya pili akaniambia mguu wa kushoto unauma, kigimbi kimekaza. Nikafunua shuka. Ulikuwa umevimba, unang'aa, una joto. Nikadhani ni kwa sababu ya kulalia upande mmoja. Nikapasha mafuta ya nazi, nikauchua. Nilikaa pale nikiuchua ule mguu, taratibu, kwa mapenzi yote niliyonayo, na Mama akanibariki. Sasa nimeambiwa mguu wa namna hiyo hauchuliwi, unakimbizwa hospitali. Uliponipigia Jumatatu, mguu sikuutaja.

Jumanne asubuhi alimaliza uji, akasema anataka kukaa ukingoni mwa kitanda. Nikamsaidia. Akanishika mkono kwa nguvu, akasema "Kifua," halafu ikawa anatafuta hewa na hewa haiji. Jirani alitutoa na gari lake. Hospitali alitupokea daktari wa kike, binti mdogo tu. Akaniuliza kama mgonjwa alikuwa anachomwa sindano za kuzuia damu kuganda. Nikasema ndiyo. Akauliza, "Mara ya mwisho lini?" Nikageukia kitanda cha Mama, nikamrekebishia shuka. Akanitazama, hakunigombeza, akaandika. Hata saa sita ya mchana haikufika, Mama akawa ametuacha. Akanieleza kwa upole kwamba huenda ni donge lililotoka mguuni. Maneno yako yale yale ya kwenye korido.

Ngoja niinuke. Saa yangu imepita.

Nimezunguka mara mbili, tumbo linavuta pale penye mshono. Naendelea.

Msiba uliwekwa kwenu Kimara. Wanawake tulikaa nyuma ya nyumba kwenye mikeka tunachagua mchele. Ndipo Mama Mkubwa akasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "Mgonjwa anatembezwa kama askari, mnategemea nini? Yule mama ameuawa na mateso." Wengine wakaguna. Wewe ulikuwa umebeba sufuria. Ukasimama. Hukumwangalia Mama Mkubwa. Uliniangalia mie.

Nikainamisha kichwa, nikaendelea kuchagua mchele.

Na wewe ulikuwa unajua. Siku moja kabla, ulikuja kwangu kuchukua nguo za kumvalisha Mama. Niliingia chumbani nikakukuta umefungua ile droo. Boksi liko wazi mkononi mwako. Uliziangalia zile sindano, moja baada ya nyingine, zimejaa. Karatasi yako ilikuwa chini miguuni. Uliokota karatasi, ukaikunja, ukairudisha pamoja na boksi, ukafunga droo. Ukaniuliza, "Gauni la kitenge cha bluu liko wapi?" Nikakuonyesha.

Ulikuwa na neno moja tu la kusema pale kwenye mikeka. Ungelisema wote wangenigeukia mie. Hukulisema siku ile, hukulisema kwa kaka yangu, hukulisema mpaka leo. Miaka mitano nimejiuliza kwa nini. Kuna wakati nilijidanganya kwamba unanihurumia. Kuna wakati nilikuchukia kwa sababu hiyo hiyo, kwamba umenishika pabaya na unanyamaza. Sasa nafikiri uliona nimefiwa na mama, ukaona huo msiba unanitosha. Kama nimekosea utanisahihisha.

Watu wakaacha kula chakula chako. Nyumba ikapoa. Kaka yangu, ambaye angetakiwa kukuuliza, hakukuuliza, na mie nilimpa sababu za kutokuuliza. Hukufikisha mwaka, ukaenda Masasi. Jesca tulimng'ang'ania, tukasema ni kwa ajili ya shule. Alikuwa na miaka kumi na moja. Sikuja kukusindikiza pale stendi ya Mbezi. Nilisikia ulipanda basi hukulia.

Sasa nikwambie kwa nini leo.

Kabla ya upasuaji daktari aliniuliza kama kuna mtu kwenye familia aliyewahi kupata tatizo la damu kuganda. Ilibidi niseme. Nilisema, "Mama yangu," na hilo lilikuwa neno la kwanza la ukweli nililolitoa mdomoni kuhusu kifo chake. Kwa ajili hiyo, na kwa uzito wangu huu, wakasema nitachomwa sindano hata nikirudi nyumbani, wiki nne.

Kesho yake baada ya upasuaji, nesi alikuja asubuhi akavuta shuka. "Mama, tunasimama." Nikamwambia siwezi. Akasema, "Utaweza, tutashikana." Akaninyanyua. Wifi, tumbo lilikuwa kama linafunguka upya. Nilipiga kelele, "Unanitesa wewe!"

Nikaisikia sauti hiyo mwenyewe. Ilikuwa sauti ya Mama kabisa. Nesi akacheka, akasema, "Wote mnasemaga hivyo. Haya, hatua moja." Nikapiga hatua moja huku nalia, na yeye akadhani ni maumivu.

Nikarudi nyumbani. Jesca akaja kwangu kwa likizo, shule zilikuwa zimefungwa. Yuko kidato cha tatu sasa, mrefu kama wewe, na ana tabia yako ya kunyamaza. Nesi wa zahanati anakuja kila asubuhi kunichoma. Siku ya pili ya ujio wake Jesca alikuwa amesimama mlangoni nilipofunua tumbo. Nesi alipoondoka akabaki pale pale.

"Shangazi, hayo madoa ni ya nini?"

"Ya sindano, mwanangu. Za kuzuia damu isigande."

Akalitazama tena tumbo langu. Halafu akasema, "Bibi alikuwa nayo."

"Ndiyo."

"Waliniambia mama alikuwa anamfinya."

Sikujua. Naapa sikujua kwamba lilifika huko. Mtu mzima mmoja, sitamtaja hapa, anajijua, alimwambia mtoto wa miaka kumi na moja kwamba mama yake alikuwa anamfinya bibi tumboni. Na mtoto akalibeba. Ndiyo maana ukimpigia anakujibu neno moja moja. Labda ulidhani ni ujana, au ni sisi tumemkataza. Alikuwa anaogopa kukuuliza.

Nikamwambia yote. Nilimwambia nimesimama, nimeshika friji, kwa sababu saa yangu ya kukaa ilikuwa imekwisha na pia kwa sababu nisingeweza kusema nikiwa nimekaa. Nilimwambia kuhusu boksi, kuhusu simu zako, kuhusu mguu na mafuta ya nazi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama alijua?"

"Alijua."

"Na hakusema?"

"Hakusema."

Akatoka, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Alikaa pale mpaka mchana wote ukaisha. Na mie ilibidi nitembee, nesi ameamuru, na njia yangu ya kwenda uani inapita hapo hapo. Kila saa nilimpita. Kila saa alivuta miguu yake nipite, na hakuniangalia. Hakuna adhabu ambayo mtu yeyote angenipa ikalingana na ile.

Tangu hapo situlii. Nikikaa nasikia kama kitu kinanisukuma kwa nyuma, nikisimama sijui pa kwenda. Nilipokwenda kukaguliwa mshono nilimuuliza daktari moja kwa moja: kama mama yangu angechomwa zile sindano na kutembezwa, angepona? Akasema hakuna anayeweza kuapa. Wapo wanaofanya kila kitu na bado damu inaganda, wapo wasiofanya chochote wakasalimika. Lakini vitu hivyo vinapunguza hatari, na ndiyo maana vinaagizwa. Nilitoka nimeshikilia ile nusu ya kwanza ya jibu lake, mpaka kwenye geti la hospitali. Pale getini nikaiacha. Mama hakupewa nafasi, na aliyemnyima ni mie.

Jumapili nilimwita kaka yangu. Nilimwambia naye pia. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Chai yake akaiacha imejaa, akachukua funguo akaondoka, na hajanipigia tena. Sijui atafanya nini. Hilo ni lako na lake, mie sitatia mkono wangu tena humo.

Nanyi mnaosoma hapa kwenye kundi: kabla ya kunitukana, na mna haki, nisikilizeni kidogo. Kila familia itapata mgonjwa wa kupasuliwa. Msitoke hospitali bila kuuliza aanze kuinuka lini, atembee kiasi gani, kama ana sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda na anavimaliza lini. Aliyefundishwa kuuguza ndiye asikilizwe, hata kama ni mkwe na ninyi ni watoto. Mguu mmoja ukivimba, ukiuma, ukipata joto, msiuchue. Mtu akibanwa na pumzi ghafla, akiumwa kifua, akikohoa damu, msisubiri apoe. Mkimbizeni. Na mgonjwa akilia kwamba anateswa, mshikeni mkono alie huku anatembea. Mama Jesca alikuwa anafanya hivyo hivyo.

Mama Mkubwa, shikamoo. Ulichosema kwenye mikeka ulikisema kwa kutojua. Mie nilikuwa najua, na nilikuwa mita mbili kutoka kwako.

Wifi yangu, sikuombi msamaha hapa mbele ya watu, maana itakuwa kama nimekuweka kati wote wakutazame utajibu nini. Nilishakuweka kati mara moja. Nikiruhusiwa kusafiri safari ndefu nitakuja Masasi nikuombe mlangoni kwako, na ukinifungia nitaelewa. Huku ninachotaka kijulikane ni kwamba ulimtunza mama yangu kuliko nilivyomtunza mie, kwamba siku alizokuwa kwako alikuwa anapona, na kwamba hukumtesa. Hukumfinya. Hukumuua.

Jesca bado hanisemeshi sana. Lakini jana jioni alikuja mpaka sebuleni, akasimama, akaniuliza Masasi mnaamka saa ngapi. Nikamwambia sijui wengine, ila mama yako huamka kabla ya kila mtu. Akasema atakupigia kesho asubuhi, na akaniomba niwe nje wakati anaongea.

Nitakuwa nje. Akichelewa kusema, usikate. Akilia, mwache. Maswali yake ni ya miaka mitano, na amesema anataka kuyauliza yote. Mie usinijibu kama hutaki, wifi. Yeye mpokelee.

Mie wifi yako,
niliyekudanganya kwenye simu asubuhi nane,
shangazi yake Jesca,
Mbagala.